Mto wa Kumwitia Anatory

Mfanyabiashara wetu akifika Guangzhou kwa mara ya kwanza hufanya mambo mawili kabla hajanunua hata jozi ya soksi. Hununua laini ya simu, na Jumapili yake ya kwanza huenda Shamian kupiga picha za Ulaya.

Shamian ni kisiwa kidogo kilichobanwa na mji, Mto Lulu mbele, mfereji nyuma. Zamani lilikuwa fungu la mchanga tu. Waingereza na Wafaransa walipowashinda Wachina vitani wakadai mahali pa kukaa, wakalizungushia fungu lile ukuta wa mawe, wakachimba mfereji ili wenyeji wasiwe majirani, wakaweka madaraja mawili yenye malango. Mwingereza alichukua karibu kisiwa chote; Mfaransa akaachiwa pembe moja, kama mgeni aliyechelewa karamuni. Usiku malango yalifungwa, na Mchina hakuingia kwenye nchi yake mwenyewe bila ruhusa. Waliojenga walishaondoka siku nyingi. Yamebaki majumba yenye nguzo nene na madirisha marefu, kanisa la Waanglikana, mizinga miwili mizee inayotazama mto, na miti mikubwa ya mivumu inayoning'iniza mizizi kama ndevu za babu asiyenyoa. Ukisimama hapo, na mpiga picha akajua kumkata yule mama anayenyoosha viungo nyuma yako, uko London. Namjua bwana mmoja wa Singida ana picha ya Shamian sebuleni kwake, ukubwa wa dirisha. Wageni wakiuliza anajibu, "Ah, hapo nilipita tu."

Kwa hiyo mimi nilipohitaji Uingereza ya kumweka kaka yangu, sikuhangaika.

Kaka yangu ni Anatory. Alitoka kwetu Bukoba mwaka 2005, akawa ananunua nguo za jumla soko la Shahe na kuzituma nyumbani. Mwezi wa kumi na moja 2007 simu yake ikanyamaza. Januari nikamfuata, mimi Abeli, na cheti changu cha kidato cha nne ambacho hadi leo hakuna Mchina aliyeomba kukiona. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia dada Flavia, mama wa Mwanza anayenunua vitambaa soko la Zhongda. Nilimbebea mizigo na kumtafsiria kwa maneno yangu arobaini ya Kichina, thelathini kati ya hayo yakiwa ya kukataa.

Kila nikipata nafasi nilikwenda Tianxiu Dasha, lile ghorofa la Xiaobei ambako Waafrika wana ofisi zao, kumuulizia kaka. Mmoja aliniambia yuko Makau. Mwingine akasema amefungwa. Wa tatu akasema ameoa Mkorea. Ussi, Mzanzibari wa kago, ndiye pekee aliyekuwa na kitu cha kushika mkononi: begi moja na koti la rangi ya ugoro.

"Kaka'ko kayaacha haya," akasema.

"Akaenda wapi?"

"Mtu mzima haulizwi endako, bwana." Akarudi kwenye kupima mizigo yake, na sikuona ajabu kwamba hakunitazama usoni. Watu wa kago hawamtazami mtu usoni, wanamtazama kilo.

Kule nyumbani baba yetu mdogo, Ta Nikodemu, alikuwa ameanza kuuliza habari ya mgomba. Kwetu mtu akipotea ugenini na maiti yake isionekane, ukoo hukata mgomba wenye urefu wake, ukavikwa sanda na kuzikwa kwa jina lake. Hapo jina limefungwa. Akija kutokea baadaye akiwa hai hana mlango wa kuingilia, hana kiti, hata mbwa wa kwao hafukuzwi amwachie njia. Ni kama anajizuru kaburini. Mama alikataa. Aliwaambia wazee kikaoni, "Mimi sikuzaa mgomba." Wakampa muda hadi Pasaka alete habari ya mwanawe.

Akanipigia. "Abeli, umemwona kaka yako?"

Sauti yake ilikuwa imeshaanza kulia kabla sijajibu. Nami mdomo wangu tangu utotoni hutoka mbio kabla akili haijavaa viatu.

"Anatory yuko Uingereza, Mama."

Nilimsikia akikaa chini.

Ta Nikodemu, aliyesoma kwa mapadri, haamini kitu kisichokuwa kwenye karatasi. Akadai picha na barua. Nikamchukua rafiki yangu Kioko, Mkenya wa Machakos muuza simu, mwenye kamera, tukaenda Shamian. Nilivaa koti la kaka. Kwa sura mimi na Anatory tulitofautiana kama mchana na ukuta, lakini mgongo tulipewa mmoja.

"Geuka basi nikupige kama binadamu," Kioko akasema.

"Piga mgongo."

"Msee, watu huenda majuu waonekane. Wewe unaenda majuu ujifiche?"

"Piga mgongo, Kioko. Pasipoti yangu ndiyo ina sura, inatosha."

Akapiga tatu. Ya kwanza nikilitazama kanisa. Ya pili nikiwa kwenye daraja la mashariki. Ya tatu kwenye ngazi za mawe za zamani upande wa mto, ambapo Waingereza walikuwa wakishukia kutoka kwenye mashua zao. Ngazi zile zimefungwa kwa mnyororo; nilisimama nje yake nikitazama maji.

Barua niliiandika kwa herufi kubwa za Anatory. "Mama, naishi mtaa wa Waingereza kando ya mto. Daraja letu zamani lilifungwa usiku asipite mtu asiye na kibali, nami kibali ninacho. Kanisa lipo, nasali. Pana mizinga miwili imeelekezwa mtoni, lakini usiogope, imezeeka kuliko Ta Nikodemu. Simu huku ni ghali, nitakuwa naandika kupitia kwa Abeli." Nikasafisha picha kwenye duka la karibu na Tianxiu, nikampa dada Flavia aliyekuwa anarudi nyumbani kupeleka mzigo. Alinisema njia nzima hadi uwanja wa ndege, lakini alizibeba. Mama yake naye ana mtoto Afrika Kusini asiyepiga simu.

Pasaka ikapita. Mgomba haukukatwa. Nilijiona mjanja.

Mama akapiga. "Abaana ba Petro, watoto wa baba yenu, mmenifurahisha," akasema. "Kwenye ile ya ngazini nimeona sikio."

"Sikio gani, Mama?"

"Sikio la kaka yako. Amegeuka kidogo."

Nilicheka nikamwambia anunue miwani. Jioni nikamwomba Kioko afungue kamera. Picha zote tatu zilikuwa mgongo, kisogo na koti. Sikio halikuwepo, kofia ya koti ilikuwa imelifunika.

Mwezi wa tano nikatuma nyingine, nazo za mgongo. Mama akaniambia shavu linaonekana, tena limekonda, na kama Waingereza hawampikii mwanawe chakula cha maana, arudi. Safari hii sikucheka sana. Nikamuuliza kama amezionyesha kwa mtu mwingine. Akasema parokia nzima imeziona, na Ta Nikodemu mwenyewe amekiri ni Anatory.

Dada Flavia alirudi Guangzhou mwezi wa sita. Nilimkuta Zhongda, katikati ya majora ya vitambaa, akivuta uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti ili anuse kama ni pamba kweli. Hakuniamkia.

"Abeli, mimi si mtoto," akasema, bado ananusa. "Zile picha nilizikagua ndani ya ndege. Zilikuwa mgongo."

"Ndiyo, dada."

"Nimepita Bukoba kwa mama yako. Amezipanga ukutani. Moja tu ndiyo ya mgongo, ile ya kwanza kabisa. Nyingine mtu anageuka. Ya mwisho uso umebaki kidogo tu, hivi." Akageuza kichwa chake taratibu mpaka jicho lake moja likanitazama juu ya bega. "Nilimwambia mama yako, huyu ni Abeli anakutania. Akaniuliza, Abeli ana kovu kwenye nyusi?"

Mimi sina kovu. Anatory alilipata ziwani, akiwa na miaka kumi, alipopiga mbizi akakutana na ngalawa ikija juu yake.

"Tena nywele zake zimelowa," dada Flavia akasema. Akamgeukia muuzaji. "Lauban, hii si pamba. Meyo, meyo, hakuna." Akaenda kibanda kingine, nami nikamfuata na mifuko, na siku nzima hakuna aliyetaja tena.

Mwaka huo Wachina walikuwa wanangoja wageni wa Olimpiki mwezi wa nane, na sisi hatukuwa wageni waliokuwa wakingojwa. Viza zilikuwa haziongezwi. Askari walisimama kwenye njia za treni za chini ya ardhi, kwenye malango ya Tianxiu, kwenye ngazi za nyumba za kupanga, wakisema neno moja tu, "Huzhao," yaani pasipoti. Viza yangu iliisha mwanzoni mwa mwezi wa saba. Toka hapo nikajifunza kutembea kama panya anayejua paka yuko likizo lakini hajui anarudi lini.

Siku kama saba baadaye Mama akapiga. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Nimewaambia wakate mgomba," akasema.

"Mama, si umemwona kwenye picha?"

"Nimemwona. Sasa amegeuka kabisa. Macho amefumba na maji yanamtoka puani. Mwanangu amekufa, Abeli. Amechukua muda wote huu kunigeukia ili aniage, na mimi nilikuwa nafurahia masikio." Akapenga kamasi. "Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ta Nikodemu anataka jina la mahali."

Hapa nieleze. Mgomba hauzikwi hivi hivi. Mkubwa wa ukoo husimama kwenye kaburi na kumwita marehemu mara tatu kutoka pale alipofia, kwa jina la mahali penyewe. Roho haijui ramani, huitika jina la mahali ilipo.

"Sema basi," Mama akasema. "Ta Nikodemu ameshika kalamu."

Nami nikasema. Mungu anisamehe, nikasema, "London, Mto Temzi."

"Temzi," Mama akarudia, na nikamsikia Ta Nikodemu nyuma yake akiuliza kama ni kwa zeta au kwa esi. Halafu Mama akaniambia, kama mtu anayejisemea, "Ni vizuri kuwa na hakika. Unamkumbuka Ta Wilibadi? Alifia Kampala, wao wakamwita kutoka Masaka. Hakuja. Tena wanasema kuna aliyekuja. Mkewe alikuwa anasikia mtu anakohoa uani, na marehemu hakuwa na kikohozi."

Simu ilipokatika nilikaa kitandani nikiishika. Kama kaka yu hai, tunamfungia mlango. Kama amekufa, hayuko Temzi, na wataita mto ambao hajawahi hata kuuona, na atakayeitika simjui. Ningeweza kupiga simu pale pale na kusema, Mama, ni uongo, ule ni mgongo wangu. Nilibonyeza namba mara nne. Mara nne nikakata kabla haijaita. Kumtania mtu kwa miezi minne juu ya mwanawe aliyepotea si kitu unachokisema kwa mdomo.

Nikapata akili ya mwoga. Nitapiga picha moja ninatazama kamera, uso wangu wote, na koti lile lile, na ngazi zile zile. Kuna mtu wa Bukoba anasafiri Jumatatu. Mama ataona ni mimi, ataelewa mwenyewe, mazishi yatasimama, na mimi sitakuwa nimesema neno.

Jumapili saa tano asubuhi tulikuwa Shamian. Joto la mwezi wa saba Guangzhou linakukaba shingoni, watu wote walikuwa na feni za mkono, na mimi nimevaa koti. Lakini sikutoka jasho. Koti lilikuwa baridi, zito mabegani, kama nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka.

"Leo unageuka?" Kioko akauliza.

"Leo nageuka."

Nikaruka mnyororo, nikakaa ngazi ya pili, nikaitazama kamera. Kioko akainua. Akashusha. Akaifuta lenzi kwa shati, akainua tena.

"Abeli," akasema polepole, "sogea kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Sogea tu. Unamziba."

Nyuma yangu hakukuwa na kitu ila ngazi na maji. Wakati huo huo nikaona watu wanapungua. Mama wa mazoezi alikuwa anakunja feni yake. Kule kwenye daraja la mashariki palikuwa na kofia za askari, nikatazama magharibi, na huko pia. Walikuwa wameziba madaraja yote mawili na wanakuja katikati taratibu, wakiomba pasipoti kwa kila mgeni. Kisiwa kina uzuri wake, lakini mtu akikifunga kimefungika.

Naikumbuka hatua iliyofuata kama ninavyokumbuka habari niliyosimuliwa. Niliutazama mto. Ng'ambo haikuwa mbali. Mimi ni mtoto wa ziwa, nimevuka maji mapana kuliko yale nikiwa na tumbo la uji. Nilivua koti. Sikulitupa. Nililikunja vizuri, mikono ndani, kama Mama alivyotufundisha kukunja nguo za Jumapili, nikaliweka kwenye ngazi. Nikatoa simu, nikaichomeka mfukoni mwa koti isilowe. Nikainama kufungua kiatu.

"Unafanya nini?" Kioko akaniuliza.

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alinivuta kwa ukosi juu ya mnyororo, mimi nikilinyakua koti, akanionyesha kwenye kioo cha kamera picha aliyoipiga aliponiambia nisogee. Ngazi zilikuwepo. Mtu alikuwepo, amekaa ngazi ya pili, koti la ugoro limemganda mwilini. Nywele zimelala. Kovu kwenye nyusi. Macho yamefumbwa. Mimi nilikuwa pembeni, ukingoni mwa picha, nusu bega.

"Huyu si wewe," Kioko akasema. Akaizima kamera, na miguu yake ilikuwa na akili. "Twende kanisani. Leo wanasali. Huko hawaingii."

Tukaingia kwenye kanisa la Waingereza, tukakaa benchi la nyuma katikati ya bibi wa Kichina wanaoimba tenzi ninazozijua kwa Kihaya. Tulikaa ibada ya kwanza, tukakaa na ya pili. Saa tisa askari walikuwa wamekwenda. Koti nilikuwa nimelikumbatia. Lilikuwa kavu kabisa.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Ussi. Nililiweka koti juu ya mizani yake.

"Hili alikuachia wapi?"

Ussi akalitazama. "N'shakwambia."

"Ulisema ameacha. Hukusema wapi."

Akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, na nikatamani asingenitazama.

"Begi aliliacha kwangu, koti hakuliacha," akasema. "Mfagiaji wa Shamian alilikuta ngazini, la kukunjwa, na simu ndani. Simu ilikuwa ina namba yangu juu kabisa, akanipigia. Siku ile askari walikuwa wameshika madaraja yote. Kaka'ko viza yake ilikwisha wiki tatu kabla. Wallahi alikuwa akijisifu hapa hapa kwamba yeye mto si kitu kwake."

"Na hukusema."

"Nitamwambia nani? Niende polisi, waniulize na mie yangu iko wapi? Sote hapa tulijua, Abeli. Kila mtu alikupa uongo wake. Mie nikakupa koti, nikajiona nimekuwa mkweli kuliko wenzangu." Akajifuta uso. "N'samehe."

Nikaliondoa koti kwenye mizani. Yeye alificha kifo kwa woga, mimi nilitengeneza uhai kwa woga. Kwa kilo tulikuwa sawasawa.

Jumatatu hadi Alhamisi nilikuwa na simu mkononi. Ijumaa, mgomba ukiwa umeshakatwa na umelazwa sebuleni kwetu, na shangazi zangu wanaulilia, nikapiga.

"Mama, toka nje kidogo."

Nikasikia kilio kikibaki nyuma yake, kisha kuku, kisha upepo kwenye migomba.

"Nimetoka."

"Anatory hakuwahi kufika Uingereza. Barua niliandika mimi. Mgongo ni wangu."

Nikasikia anavuta kigoda.

"Kwa hiyo ni mgongo wako niliokuwa nauombea," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na sura?"

"Sura si yangu."

"Sura najua si yako. Niliizaa." Akavuta pumzi. "Yuko wapi?"

Nikamwambia yote, madaraja, ngazi, koti lililokunjwa. Nilipofika kwenye kukunjwa alitoa sauti ndogo, moja, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Alikunja vizuri?"

"Vizuri, Mama. Mikono ndani."

"Mto unaitwaje?"

"Zhujiang. Ndiyo Mto Lulu. Mji ni Guangzhou. Mahali penyewe panaitwa Shamian."

"Sema polepole, niandike mwenyewe. Ta Nikodemu nitamwambia mimi. Wewe usiongee na mtu, mdomo wako umefanya kazi ya kutosha." Akaandika, akanifanya nirudie mara tatu. Kisha akasema, "Kesho mtu wa ukoo awe hapo alipo, amwitikie. Ni wewe tu."

"Askari bado wapo, Mama."

"Najua," akasema.

Nikaenda. Jumamosi saa tisa alasiri ya Guangzhou, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi, jua linawaka kotekote. Nilivuka daraja la magharibi nyuma ya kundi la watalii, moyo ukinigonga meno. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikafika kwenye ngazi, nikaruka mnyororo, nikasimama ngazi ya juu kabisa, kavu, yenye joto la jua, simu sikioni.

Upande wa pili nilisikia watu wengi wamenyamaza. Halafu Ta Nikodemu, kwa sauti anayoitumia kanisani.

"Anatory, mwana wa Petro. Toka Shamian, toka maji ya Guangzhou, njoo ulale kwenu."

Alitamka vibaya, lakini alitamka.

"Nenda, kaka," nikasema.

Mto ulikuwa shwari, una rangi ya chai ya maziwa. Boti la mizigo lilipita mbali.

"Anatory, mwana wa Petro. Toka Shamian."

"Nenda nyumbani, kaka. Mama anakungoja."

Chini yangu maji yalipiga jiwe kwa sauti ndogo, kama mtu anayepanda ngazi na miguu mitupu. Sikutazama. Nilitazama ng'ambo, kwenye maghorofa, nikayahesabu madirisha.

"Anatory."

Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imekauka, lakini nikaitoa. Kitu baridi kikanipita ubavuni, polepole, kama mtu anayebana mwili kupita mlango mwembamba ili asikuguse. Hewa ikanuka dagaa wabichi, harufu ya ufukwe wa kwetu, ambayo Guangzhou haipo.

Kule nyumbani nikasikia udongo unaanguka, koleo la kwanza, la pili, na wanawake wakapaza sauti. Kisha simu ikabadilishwa mikono.

"Abeli," Mama akasema.

"Naam, Mama."

"Umesimama wapi?"

"Ngazini. Juu kabisa."

"Panda."

"Mama, niko juu. Hakuna ngazi nyingine."

"Panda, mwanangu. Nimezika mmoja leo."

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yamenifika magotini. Wenyeji husema mto ule hujaa na kupwa na bahari, huenda ni kweli. Lakini nilipogeuka nikaziona ngazi nne kavu juu yangu, na mnyororo, na mvumu, mbali kuliko nilivyoviacha, na suruali yangu ilikuwa imelowa mpaka kiunoni kana kwamba nilikuwa nimeshakwenda mbele zaidi na kurudi.

Nikapanda ya kwanza. Mguu ulikuwa mzito. Nikapanda ya pili.

"Nahesabu," Mama akasema. "Usikate simu."

Nikapanda ya tatu, ya nne, nikaushika mnyororo kwa mkono wa kushoto, nikauruka.

"Umefika?"

"Nimefika, Mama."

"Sasa usiniambie kitu," akasema. "Kaa hapo, nikusikie unavyohema."